Moyo Uliopewa Likizo

Jumatatu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, mshonaji wa kola alimkabidhi msimamizi wa kiwanda barua ya daktari. Virusi vilivyomlaza wiki tatu vilikuwa vimeingia kwenye misuli ya moyo, na sasa moyo ulisukuma nusu tu ya damu inayotakiwa. Barua ilisema: moyo upumzike miezi sita.

Msimamizi aliisoma mara mbili.

"Hapa wameandika moyo," alisema. "Mikono je?"

"Mikono ni mizima."

"Basi mama, tusipotezeane muda."

Kesho yake mshonaji akauacha moyo nyumbani. Mama mkwe aliupokea kwa mikono miwili, akaulaza kitandani, akaufunika shuka hadi shingoni, kwa kadiri moyo ulivyo na shingo.

"Nenda mwanangu. Nitashinda nao."

Kiwandani, jirani yake wa mashine alimwekea sikio kifuani, akakuta kimya, akaomba kuazimwa mkasi. Kazi ilikwenda. Mshonaji hakuchoka, hakununa, hakucheka. Mwezi wa nne baba yake mzazi alifariki. Alimzika kwa macho makavu, akarudi kwenye kola zake siku hiyohiyo.

Moyo nao ulinawiri. Mama mkwe aliupa vidonge kwa saa, akaunyima chumvi, akautembeza uani hatua kumi, kisha ishirini. Mwezi wa sita ulipanda ngazi za hospitali bila kuhema. Daktari akaupima, akaridhika.

"Umepona kabisa. Mwenyewe yuko wapi?"

"Kazini," mama mkwe akajibu.

Jioni hiyo moyo ulirudishwa kifuani. Ulipiga mara tatu, na mshonaji akaketi sakafuni ghafla.

"Baba amekufa," alisema.

"Ndiyo, mwanangu. Miezi miwili sasa."

Akalia mpaka sauti ikamkauka, na alfajiri alikuwa bado analia. Kazini machozi yalilowesha kola kumi na mbili. Msimamizi alizikagua moja moja dirishani.

"Pole sana," alisema, na alimaanisha. "Lakini kesho uuache nyumbani."

"Umeshapona, bosi."

"Ndiyo maana."

Akauacha. Wiki iliyofuata tangazo lilibandikwa getini: kuanzia tarehe mosi, wafanyakazi wote waje bila moyo. Watu walilisoma wakiwa kwenye foleni, wakasogea mbele.