Dada Ndani ya Ndoo ya Mboji

Kila asubuhi baada ya chai, fundi cherehani alitoka uani na bakuli la maganda ya viazi, ya vitunguu na ya mayai, pamoja na majani ya chai yaliyochujwa. Aliyamwaga kwenye ndoo kuukuu aliyoitoboa kwa msumari, akafunika kwa majani makavu, akageuza kwa mpini wa ufagio. Nyama hakutia, mafuta hakutia. Na kwa kuwa subira si kipaji chake, aliigonga ndoo ubavuni akaihimiza, "Oza basi, mama, oza."

Jumanne moja alipofunua, dada yake alikuwa amekaa mle ndani, anaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, umri wake ni uleule wa miaka kumi na minne, ganda la yai begani. Alikuwa amefariki zamani, kwenye uzazi wake wa kwanza.

"Maji yamezidi," dada alisema. "Niongezee majani makavu, nanuka."

Fundi akaongeza, kisha akamuuliza kilichomleta.

"Si wewe unayeniita? Kila siku oza, oza. Neno hilo nalijua. Baba aliposema 'huyu namwoza', nilidhani ananitania."

Maganda huoza na mabinti huozwa. Ndoo ingejuaje ni kuoza kupi kunakotakiwa? Fundi hakuilaumu. Alivuta kigoda akakaa, maana alikuwa na jambo lake moyoni. Mahari ya dada ilikuwa cherehani ya kukanyaga, na fundi ndiye aliyejifunzia kushona kwayo. Ilimlisha, ikamsomeshea watoto, ikamjengea nyumba hii. Miaka yote hiyo alikuwa na shukrani isiyo na pa kwenda.

"Dada, asante."

"Ya nini?"

"Ya cherehani."

"Inashona vizuri?"

"Inaruka uzi kwenye jinzi."

"Itie mafuta," dada alisema, na fundi akalia kwa furaha, akajifuta kwa upindo wa khanga. Dada akaendelea: "Sasa niitie baba. Nataka neno moja tu kwake. Aseme alikosea."

Baba yao, aliyelala chumba cha nyuma, alikuja polepole na kikombe chake mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umerudi?"

"Nimerudi. Nilikufa, baba."

"Najua, si nilikuzika mwenyewe?" Mzee akanywa funda moja. "Lakini ile ndoa ilikuwa nzuri. Cherehani mpaka leo haijaharibika."

Akarudi ndani, kwa sababu jua lilikuwa limeanza kuchoma.

Dada alikaa wiki tisa. Fundi alimenya viazi mbele yake, akamsimulia harusi na misiba ya ukoo, akamshukuru kila siku hadi dada akamwambia inatosha, atamchosha. Kila asubuhi dada alikuwa amezama kidogo zaidi. Mwishowe ikabaki mboji nyeusi, laini, inayonukia mvua, na fundi akaitandaza kwenye tuta la mchicha.

Mchicha ule ulistawi kupita kiasi. Mzee alikula sahani nzima, akalamba vidole, akauliza ni nani aliyeurutubisha namna hii.

"Dada," fundi alisema.

"Mwambie ahsante," alisema baba, akasogeza sahani aongezewe.