Mngurumo wa Chini kwa Chini

Mimi na dizeli tulikuwa hatusalimiani. Kazi yangu ni kubeba watu wenye nafasi zao: mabibi harusi, wakubwa wanaoshuka kwenye ndege, wazee wanaokwenda kutunukiwa nishani. Watu hawa wanachotaka ni utulivu. Mtu akae nyuma, mlango ufungwe, dunia inyamaze. Sasa wewe niambie, nimpakie bibi harusi kwenye gari linalonguruma kama lori la mchanga? Thubutu!

Aliyeniletea balaa ni mume wangu. Ni fundi wa magari, na mtaa mzima unamwita Fundi, hata mimi ninapokuwa sijakasirika. Gari langu la zamani, la petroli, lilikuwa limekata roho mikononi mwake mwenyewe, nami nilikuwa nakaa nyumbani nikigombana na sufuria. Asubuhi moja akaingia uani na gari jeusi, refu, linang'aa hivi kwamba ungeweza kujipaka wanja ukijitazama mlangoni. Nikalizunguka moyo ukinidunda. Vioo vinene, viti vya ngozi laini, milango inafungwa bila kishindo. Nikafika kwenye kifuniko cha tangi, nikasoma kilichoandikwa. Dizeli.

"Ebo! Ndiyo nini hii?"

"Muuzaji ametuazima tulijaribu mpaka jioni," akasema, akijitia hamnazo.

"Fundi, umelogwa? Gari la kifahari la dizeli?"

"Si dizeli unazozijua wewe. Ingia usikilize kwanza."

"Dizeli ni ya malori, matrekta na mitambo ya maji. Na huko kwenyewe inaondolewa. Wenzako wanazungumzia magari ya umeme, wewe unanirudisha kwenye moshi!"

"Wanaozungumzia umeme wana pa kuchajia," akasema kwa upole, maana akiniona napanda yeye hushuka. "Wewe unapeleka wageni kule juu milimani, ambako hata taa ya kusomea ni bahati. Huyu unamjaza asubuhi, anakwenda na kurudi, kesho anakwenda tena. Tajiri naye hapendi kusimama kituoni akinusa mafuta. Nakwambia, dizeli bado ina siku zake."

"Na Mama je? Umemfikiria Mama?"

Hapo akainama kukagua tairi lisilokuwa na kasoro. Mama ninayemsema ni mama yake mzazi, mama mkwe wangu, na kwake ndiko ilikokuwa roho yangu wakati ule. Mama alikuwa hapati usingizi.

Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa mwangalizi wa mtambo wa kusukuma maji ya mji. Nyumba waliyopewa ilikuwa ukuta kwa ukuta na chumba cha mtambo, na Mama aliingia humo bibi harusi akatoka mjane. Usiku na mchana dude lile la dizeli linanguruma, vikombe vinatetemeka kabatini. Siku niliyopelekwa kutambulishwa nilirudi kwetu kichwa kinapasuka. Nikaapa moyoni: mama huyu akija kukaa kwangu, atapumzika.

Alipokuja nikatimiza kiapo. Nikampa chumba cha nyuma, mbali na barabara. Nikatundika mapazia mazito. Saa ya ukutani nikaishusha kwa sababu ya makelele yake. Jogoo tukamfanya kitoweo. Watoto wakafundishwa kutembea kwa ncha za vidole, na Fundi akikoroma nampiga kiwiko. Nyumba ikawa kimya mpaka unaweza kumsikia mchwa akitafuna mlango.

Na Mama akazidi kukonda. Ukiingia asubuhi unamkuta ameketi kitandani, mikono magotini, macho mekundu. "Nimelala vizuri, mwanangu," anakwambia, na uongo huo unauona wazi usoni. Dawa za hospitali zikamtia kizunguzungu, akaanguka bafuni. Mama yangu mzazi nilimpoteza ningali mdogo. Huyu ndiye aliyenifundisha kusuka nywele zangu mwenyewe na kunyamaza ninapotaka kutukana, ingawa hilo la pili sikulishika sana. Nikawa naogopa kuufungua mlango wake asubuhi. Nilikuwa nasimama nje kwanza, nasikiliza kama anapumua.

Kwa hiyo nilipomwona Fundi analeta dizeli uani kwangu, damu ilinichemka. "Mama ameishi kwenye kelele za dizeli maisha yake yote," nikamwambia, "leo unampandisha tena?"

"Mwenyewe apime. Si ndiyo kawaida yetu?"

Kweli ilikuwa kawaida yetu. Mteja wangu hukaa nyuma, kwa hiyo gari langu hupimwa nyuma, na mpimaji ni Mama. Ana sikio kali ajabu. Nati ikilegea, atakwambia iko upande gani. Huketi nyuma kimya, nami naendesha. Gari likimridhisha, hasemi neno mpaka tufike. Likimkera, hunigusa bega na kusema, "Turudi." Nikishaguswa bega, gari hilo silitaki hata kwa zawadi.

Mama akatoka amejifunika shali, hatua zake fupi fupi. "Haya, niwekeni huko nyuma nikaonje utajiri," akasema. Nikamfunga mkanda, nikaketi kwenye usukani, Fundi kando yangu. Moyoni nilikuwa nimeshaamua: bega langu litaguswa kabla hatujafika barabara ya lami.

Nikawasha. Likaguna mara moja, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini, kisha likatulia. Nikangoja ile kata-kata-kata ya lori. Haikuja. Tukatoka uani, tukapita sokoni, tukafika lami, na bega langu halijaguswa.

"Usinitazame," nikamwambia Fundi.

"Nimesema kitu?"

"Unatabasamu mpaka masikio yanacheka."

Nikaamua kulikomoa. Nikalipeleka kwenye mlima wa machimboni, mlima ambao gari langu la petroli lilikuwa likiupanda kwa kupiga mayowe, linashusha gia hii, linashusha ile, abiria wanashika viti. Nikakanyaga mafuta kidogo tu. Jamani! Gari halikupiga kelele wala halikuhangaika. Nilihisi mkono mkubwa umetuweka kwenye kiganja na kutuinua. Malori yalikuwa yanatambaa upande wa kushoto, sisi tukayapita kwa heshima zote, na ile sindano ya mizunguko ya injini haikuonyesha hata wasiwasi. Nimeendesha magari mengi, na nasema bila haya kwamba sijawahi kupandishwa mlima namna ile. Nguvu za lori, adabu za bwana harusi. Nilitaka kucheka peke yangu.

Kelele hazikuwepo, ila kulikuwa na kitu. Mngurumo wa chini kwa chini, unaousikia kwa mgongo zaidi kuliko kwa masikio, unapita kwenye ngozi ya kiti na kukukaa mbavuni. Nikajua Mama, kwa sikio lile, lazima anausikia. Nikangoja bega.

Tukafika kileleni. Hakuna aliyenigusa. Nikatazama kwenye kioo.

Kichwa cha Mama kilikuwa kimeangukia upande, mdomo wazi, shali limeteleza mpaka kiunoni. Mkono wake umelegea kitini, kiganja juu.

"Mama!" Sauti ilinitoka imepasuka. "Fundi, Mama! Mama amekufa!"

Sijui nilitokaje barabarani. Najua nilisimama pembeni kwenye changarawe na kuizima injini ili nimsikilize pumzi, kama nilivyozoea mlangoni kwake. Kukawa kimya kabisa.

Mama akashtuka, akaketi wima.

"Nani amezima mtambo?" akauliza kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake. "Mwiteni baba yenu! Watu watakosa maji!"

Fundi akageuka na kumtazama mama yake. Mama akavitazama viti, akatutazama sisi, akalitazama bonde kule chini. Polepole akarudi mahali tulipokuwa. Akalivuta shali lake kwa aibu.

"Nisameheni. Nilikuwa nimelala," akasema. Kisha, kama anayejistaajabia, "Safari hii kweli, mwanangu. Nililala."

"Kwenye dizeli, Mama?" nikauliza.

"Ndiyo usingizi wangu huo." Akapitisha kiganja juu ya ngozi ya kiti. "Mtambo ulipokuwa unanguruma, nilijua baba yenu yuko upande wa pili wa ukuta, yuko macho, mzima. Nikilala, nalala kweli. Ukizima tu, naamka mbio, maana ama umeharibika, ama amepatwa na jambo. Siku ile aliyoanguka, ulizima. Sasa kule nyumbani, kila nikifumba macho, nasikia umezima."

Mapazia yote yale. Saa. Watoto kwa ncha za vidole.

"Lakini mbona hukusema, Mama?"

"Ningesemaje? Ulikuwa umeshamchinja hata jogoo kwa ajili yangu."

Fundi akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia kuwa kilio katikati. Alizaliwa ukuta kwa ukuta na dude lile. "Nilidhani unalichukia," akamwambia mama yake. "Sisi sote tulilichukia."

"Nilikuwa nalitukana kila siku," akasema Mama. "Hata baba yenu nilikuwa namtukana."

Nikaiwasha injini. Ikaguna, ikatulia, ule mngurumo ukapanda tena kwenye viti. Nikamwona kwenye kioo akiupokea: mabega yakashuka, kope zikawa nzito. Hatujamaliza hata mteremko, amelala.

Jioni ilipokaribia, bado tunazunguka barabarani na Mama amelala nyuma, simu ya Fundi ikaita. Muuzaji. "Anauliza gari tunalionaje," akaninong'oneza. "Anasema kama ule mngurumo unatukera, wapo mafundi wanaoweza kuupunguza."

"Mwambie akithubutu kuugusa atanitambua," nikanong'ona. "Na mwambie gari lake halirudi."

Tukafika kwenye kona ya kuingilia kwetu. Nikatazama kioo, nikaona bado amelala, nikaipita kona, nikaendelea mbele.