Ruhusa ya Kuonekana

Saa nne asubuhi fundi wa kompyuta wa ofisi ya maji aliweka kikombe cha chai juu ya kabati la seva, mahali palipoandikwa vikombe visiwekwe, akafungua mipangilio ya usalama. Seva ile ndiyo iliyoendesha programu zote za ofisi, na tangu juma lililopita ilikuwa inajikokota. Fundi aliyemtangulia alikuwa ameongeza masharti yake mwenyewe juu ya yale ya kawaida, mengine hayana kichwa wala miguu. Akawa anayafuta moja moja.

Sharti moja lilimhusu kaka yake. Lilisema mtumiaji huyu anaruhusiwa kuingia na kufanya kazi, ila haruhusiwi kuonekana wala kusikika.

Kaka mtu alikuwa mpimaji katika maabara ya ofisi hiyohiyo. Alitoweka mwaka juzi, mara tu baada ya kumwambia meneja kwamba maji ya mtaa wa bondeni, anakoishi yeye na mama na dada yake, ni machafu. Mama yao alizunguka hospitali na vituo vya polisi mpaka viatu vikaisha soli.

Fundi alilifuta sharti, akaiwasha seva upya, akapanda ngazi hadi maabara. Kaka yake alikuwa kitini pake, ameinua chupa ya maji kwenye mwanga wa dirisha.

"Dada, nimekuita mpaka sauti imenikauka."

"Sikusikia."

"Najua. Hata nyumbani nilikuwa nalala kitandani kwangu. Ukanirundikia nguo za kupiga pasi."

"Leo nitaziondoa," alisema fundi. Akakaa sakafuni, akacheka, akalia, kisha akampigia mama simu.

Meneja akapita. Alimpa mpimaji mkono, akamuuliza habari za siku nyingi. Mpimaji akamwambia maji ya bondeni bado ni machafu. Safari hii kila neno lilisikika, hata na mhasibu wa chumba cha pili.

"Nimekusikia," alisema meneja, akaenda zake kula.

Jioni mama alimpokea mwanawe mlangoni. Alimpapasa masikio, mabega, vidole, kama anayehakikisha hakuna kilichopungua.

"Kumbe ni wewe uliyekuwa unamaliza ukoko sufuriani!"

"Ni mimi, mama. Njaa hawakuiwekea sharti."

"Na mimi nafukuza paka wa watu kwa ufagio muda wote huo! Ingia ndani, mwanangu. Ingia ukae ninapokuona."

Akaingia, akakaa. Dada yake akabeba nguo zote kutoka kitandani. Jikoni bomba likakohoa, likatoa maji ya rangi ya kutu. Mama akayachuja kwa kitambaa, kama kila siku, akateleka chai ya watu watatu.