Laini ya Marehemu

Simu zetu ni pacha. Mwanangu alizinunua hivyo kwa makusudi, rangi moja, ukubwa mmoja, kifuniko kimoja, kwa sababu anatujua mimi na mke mwenzangu. Mwaka mmoja alituletea sweta, yangu ya kijani na ya mwenzangu ya zambarau. Wiki tatu nzima nilikuwa nikisema zambarau ndiyo rangi ya watu wazima, mpaka tukabadilishana, na kesho yake nikaiona ile kijani imemkaa mwenzangu kuliko ilivyonikaa mimi. Safari hii mtoto akaona atuzibe mdomo kwa pacha.

Akatuziba kwa muda. Kisha ukaja mtandao mpya.

Ulikuja na gari lenye spika na wasichana waliovaa fulana za manjano. Wakasimamisha kibanda karibu na lango la soko, wakawa wanagawa laini, na kila aliyechukua laini alipewa zawadi. Mwenzangu alipata mwavuli. Mimi nilikuwa mtu wa tatu nyuma yake, nikapata kalamu. Nikamwuliza aliyekuwa akigawa kama kalamu inazuia mvua. Akacheka, akaniongezea kalamu ya pili.

Mwavuli ningeusamehe. Kilichoniingia moyoni ni kwamba mwenzangu hakufika hata nyumbani kabla simu yake haijashika mtandao. Vijiti vyote vinne vilisimama juu ya kioo kama askari. Yangu iliandika "Hakuna huduma", na ikaendelea kuandika hivyohivyo nilipoiinua juu, nilipotoka uani, na nilipoitikisa.

Mwanangu ni mmoja tu, nimemzaa kwa tumbo hili. Mwenzangu hakujaliwa mtoto, na silisemi hilo kwa kumcheka. Alimlea wangu nami, akambeba mgongoni, akamlisha, mpaka ikawa jioni nikimchukua mtoto kulala ananukia mafuta ya nywele ya mwenzangu. Nilikuwa namwogesha mara mbili. Sasa mtoto ni mwanaume mwenye ndevu, anafanya kazi nchi ya watu, na kabla ya mambo haya alikuwa akitupigia simu za sauti tu. Alianza kwangu kila mara. Akimaliza na mimi, mimi ndiye ninayempelekea mwenzangu simu, nikiwa nimeshamwambia mtoto kwamba ana dakika mbili.

Mtandao mpya unaleta sura. Mtoto akapiga kwangu, sipatikani. Akapiga kwa mwenzangu, huyo hapo, mpaka kovu la kwenye nyusi linaonekana. Basi ikawa kila Jumapili nakwenda kukaa kwenye ukingo wa kitanda cha mke mwenzangu ili nimwone mtoto niliyemzaa mimi. Na simu anaishika yeye. Mimi natokea pembeni, sikio moja na nusu ya shavu, kama mtu aliyepita njia.

Jumapili ile mtoto akasema, "Mama, wiki ijayo saa kumi jioni nitakuwa na yule binti niliyekwambia. Anataka kumwona mama mkwe wake."

Mwenzangu akasema, "Mlete, mwanangu, tumwone."

Tumwone. Nilirudi chumbani kwangu nikajifungia. Binti wa watu hajawahi kutuona. Atafungua simu, na sura ya kwanza atakayoiona ndiyo atakayoishika kuwa ya mama mkwe, na sura hiyo ina mashavu ya kujaa na meno yote. Nikaapa kwamba Jumapili ile simu italia kwangu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa wa kwanza kibandani. Pale kulikuwa na binti mmoja wa kutengeneza simu, kucha ndefu za rangi ya maji ya kunde, mpole. Akaizima simu akaiwasha. Akaitia katika hali ya ndege akaitoa. Akaitoa ile laini mpya akaiweka kwenye simu yake mwenyewe, vijiti vinne. Akairudisha kwangu palepale ilipokuwa, hakuna huduma. Akaingia kwenye mipangilio, akaandika herufi ambazo sikuzielewa, akafuta, akaandika tena.

"Bibi, tusubiri mpaka Jumatano," akasema. "Mtandao wenyewe bado mchanga."

"Mchanga kama mtoto?"

"Kama mtoto, bibi."

"Mbona kwa mke mwenzangu umeshaota meno?"

Akainama kuficha kicheko. Akaniuliza simu ya mwenzangu ni ya aina gani. Nikamwambia ni pacha wa hii. Akakuna kichwa kwa ukucha mmoja, akasema haiwezekani.

Jumatano akaichomoa sahani yote ya laini, ile ndogo ya pembeni, safari hii akaziangalia laini zote mbili. Ya kwanza ya zamani, ya pili ya mtandao mpya. Akazibadilisha nafasi, akarudisha sahani, na kabla sijavuta pumzi vijiti vikasimama. Akanipigia kwa simu yake ya kibandani, nikaiona sura yake kwenye kioo changu huku mwenyewe yuko mbele yangu. Nikamsalimia mara mbili.

Nilirudi nyumbani nikipunga mikono. Mwenzangu alikuwa uani, anasukwa nywele, kichwa kimoja watu wawili wanakishughulikia.

"Unapendeza, mwenzangu," nikamwambia. "Kuna harusi?"

"Hakuna, bi mkubwa. Zilikuwa zimechakaa tu."

Nikachungulia chumbani mwake. Pazia jipya dirishani, na mbele ya pazia kiti kimoja, kimepangwa kumtazama mtu ambaye hayupo.

"Na pazia?"

"Jua linapiga sana humu."

"Jua la Jumapili," nikasema, nikapita.

Nilipoingia chumbani nikafunga mlango na kufanya jambo ambalo binti wa kibandani sikumwambia. Nilichomoa hereni sikioni, nikaingiza ncha yake kwenye kale katundu ka simu, sahani ikatoka, nikazirudisha laini kama zilivyokuwa. Ile ya zamani nafasi ya kwanza, mpya nafasi ya pili.

Laini ya zamani ni ya mume wetu; yangu mwenyewe niliitoa kuipisha hii mpya. Amekufa mwaka wa pili huu. Tulipogawana vitu vyake mwenzangu alichukua redio na koti, akataka na laini, nikamwambia laini ya mume inakaa kwa mke mkubwa. Sikuwa na andiko lolote la kusema hivyo, ila nililisema kwa sauti ya mtu mwenye andiko. Tangu siku ile laini yake iko nafasi ya kwanza, kwa sababu mwenye nyumba hawezi kukaa nyuma ya wageni. Hapigi mtu. Aliwahi kupiga bwana mmoja tu aliyekuwa akitafuta saruji, na nilivyomkaribisha kwa furaha, tulizungumza mpaka akasahau saruji yake.

Mimi nilidhani mtandao ukishaingia kwenye simu umeingia, kama maji kwenye mtungi, na kwamba mzee wangu anaweza kurudi kwenye kiti chake bila kumwaga kitu. Nikawasha. Hakuna huduma.

Nikamlaumu binti. Nikalaumu kucha zake.

Alhamisi nilirudi kibandani, akafungua, akashangaa, akazigeuza tena, vijiti vikasimama. Nikafika nyumbani, hereni, nikazirudisha. Nilijiambia jana niliziwasha upesi mno, leo nitaupa mtandao muda uzoee. Nikauacha uzoee tangu mchana mpaka jua linazama, na huku nikimsikia mwenzangu upande wa pili wa ukuta akicheka na mwanangu aliyepiga katikati ya wiki, mtoto ananiulizia mimi, na mwenzangu anamwambia, "Mama yako yuko chumbani, anacheza na simu yake."

Anacheza. Wivu ulinipanda mpaka nikausikia mdomoni, mchungu.

Jumamosi binti wa kibandani aliniona kwa mbali akavua miwani akaifuta. Akaitoa sahani, akazitazama zile laini mbili kwa muda, akaniinulia macho.

"Bibi, nani anazigeuza hizi?"

"Labda zinageuka zenyewe. Joto la siku hizi unaliona."

"Bibi."

"Nini?"

"Hii ya kwanza ni laini ya nani?"

Nikatazama mwavuli mkubwa wa kibanda, nikatazama watu kwenye foleni. "Ya mume wangu."

"Yuko wapi tumpe laini yake?"

"Alikufa."

Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, mama mwenye kikapu, akasogea hatua moja nyuma, kwa heshima au ili asikie vizuri zaidi, sijui.

"Pole, bibi. Sasa hii laini anapiga nani?"

"Hapigi mtu."

"Na yeye alipokuwa hai alikuwa anapiga simu za video?"

"Hizo hakuzijua. Alikuwa anapiga za kelele. Alidhani mtu akiwa mbali ndivyo unavyompata, kwa kupaza sauti."

"Basi nafasi ya pili inamtosha," binti akasema, taratibu, kama anayemwekea mgonjwa mto. "Simu hizi zimetengenezwa hivi, bibi. Nafasi ya pili inabeba sauti tu, mtandao wa zamani. Mtandao wetu mpya unaingia nafasi ya kwanza peke yake. Ukiuweka nyuma hauoni kitu. Mke mwenzio ana laini moja tu, sivyo?"

"Moja."

"Ndiyo maana yake inashika."

Nikasimama pale na zile laini mbili zimelala kwenye kiganja cha binti, kila moja ndogo kuliko ukucha wake. Nafasi ya pili. Mimi neno hilo nalijua. Siku mume wangu alipokuja kuniambia anaoa tena, alikaa kwenye kile kigoda chetu, akanishika mkono, akasema, "Wewe ndiye wa kwanza, na wa kwanza atabaki wa kwanza." Ahadi yenyewe ilidumu kama siku kumi na nne. Baada ya hapo nikawa nasikia kicheko chake upande wa pili wa ukuta uleule.

"Mpeleke ya pili," nikamwambia binti. "Naye akaonje kidogo."

Mama mwenye kikapu akacheka kabla sijamaliza, akaomba radhi, akacheka tena.

Jumapili mchana nilimwandikia mwanangu ujumbe kwamba simu yangu imepona, apige kwangu. Mwenzangu sikumwambia. Nilioga, nikajifunga kilemba, nikakaa kitandani na mlango nimeutia komeo. Saa kumi kasorobo nikamsikia mwenzangu akikokota kiti chake mbele ya pazia. Akakohoa kidogo kusafisha koo. Akatulia.

Saa kumi simu yangu ililia.

Nikaona kwanza mwanangu, kisha simu ikayumba, kisha binti, mwembamba, ana mwanya, amejipaka poda kwa ajili yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana."

Alinitazama mimi, peke yangu, uso mzima, na nyuma yangu ukuta mtupu. Nikamwuliza habari za wazazi, za kazi, za afya, nikamwuliza kama mwanangu bado anaacha taulo sakafuni. Akasema bado. Nikamwambia ampige. Tulicheka vizuri, na nilikuwa nashusha sauti ili kicheko kisivuke ukuta, lakini sauti ya mwanangu haishuki, ana koo la baba yake.

"Na mama mdogo yuko wapi?" binti akauliza. "Nimeambiwa ndiye aliyekuwa anamficha mvunguni asichapwe."

"Asichapwe na nani?"

Binti akamtazama mwanangu. Mwanangu akasema, "Na wewe, mama."

"Mama mdogo amelala," nikasema.

Ng'ambo ya ukuta kiti kikakwaruza. Mtu akakohoa.

"Mama, si yeye huyo anakohoa?"

"Huyo ni jirani."

"Jirani gani anakohoa kama mama mdogo?"

Kabla sijamtafutia mtoto jirani, mlango wangu ukagongwa, pole pole, kwa kidole kimoja. Nikaifunika simu kifuani, nikafungua komeo. Mwenzangu alisimama pale na nywele zake mpya, amevaa ile sweta ya kijani katika joto lile, simu yake imewaka mkononi na vijiti vyote vinne.

"Bi mkubwa," akasema, "hebu nitazamie hii simu. Wewe wiki nzima ulikuwa kwa mafundi, labda umejifunza. Naona imeharibika. Saa kumi imepita na mtoto hajapiga."

Alikuwa akiibonyezabonyeza kwa kidole gumba, hanitazami. Sauti ya mwanangu ikatoka kifuani kwangu ikisema, "Mama? Upo?" Mwenzangu akaisikia. Akaacha kubonyeza.

Angenitukana ningejua la kufanya, maana matusi tumezoeana nayo.

"Haijaharibika," nikamwambia. "Ingia."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Nikakaa katikati, simu nikaishika mimi, na nikaiinua juu ili mashavu yale yasianze kuingia kwa fujo. Kwenye kioo akatokea kipaji cha uso na misuko.

"Shikamoo, mama mdogo," binti akasema. "Sikuoni vizuri."

"Mtandao bado mchanga," nikamjibu.

Mwenzangu alikuwa amekaa wima, mikono magotini, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, akitabasamu kwa nguvu zake zote chini ya pale kioo kilipoishia. Nikamtazama kwa jicho la pembeni. Nikaishusha simu kidogo, yakatokea macho. Binti akafurahi, akapunga mkono. Nikashusha tena kidogo, ikatokea pua.

Nikaishia hapo. Meno yale ningempa Jumapili nyingine.