Kilichofagiwa na Toleo la Tatu

Shangazi hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena, akakitazama kioo cha kompyuta kana kwamba kosa lilikuwa la miwani. Kiooni palikuwa na mstari mmoja tu: *Hakuna kazi iliyohifadhiwa.*

"Ngoja," alisema kijana wa kaka yake, akabonyeza tena. Mstari ukabaki pale pale.

Kijana huyo watu wa mtaani walimwita Injinia, nusu kwa heshima, nusu kwa utani. Ndiye aliyeitunga programu ya mafundi cherehani, ya kuhifadhi vipimo vya wateja na kuchora mitindo ya nguo. Ilikuwa programu huria: yeyote angeweza kuichukua bure, kuipasua tumbo aone ilivyoundwa, na kuirekebisha apendavyo. Kuitunga hakukumsumbua sana. Kilichomtoa jasho ni kuifungasha, maana kompyuta haziendeshwi na mfumo mmoja. Kifurushi kilichokubali kwenye mfumo wake yeye hakikufunguka kwenye ule wa shangazi, na kilichofunguka kwa shangazi, kwenye mfumo wa tatu kiligoma kama mtoto aliyeona kijiko cha dawa. "Nashona suruali moja ya watu watatu," alizoea kulalamika. "Mmoja mrefu, mmoja mnene, na wa tatu ana mkia."

Wa kuvijaribu vifurushi alikuwa mdogo wake wa kike. Binti huyo shule aliiachia darasa la saba, lakini jicho alikuwa nalo. Kila mara kaka alizifuta kompyuta tatu kuukuu zikabaki tupu, binti akaweka kifurushi kipya, akatulia akitazama, kisha akatia alama ya vyema daftarini. Toleo la tatu lilipata vyema tisa kwa tisa. Asubuhi hiyo kaka alilitoa mtandaoni, na saa nne wakaja wote wawili kumwekea shangazi, naye fundi cherehani, kwa mikono yao wenyewe, kama heshima.

Na sasa vipimo vya miaka kumi na minane havimo.

Binti aliinama chini ya meza ya kupigia pasi, akachomoa waya ukutani. Kioo kikafa.

"We, una wazimu? Kompyuta haizimwi hivyo."

Binti alimjibu taratibu kwamba ni yeye kaka aliyemfundisha: kilichofutwa hakipotei papo hapo, hukaa hadi kitu kingine kiikalie nafasi yake. Basi kisiandikwe kitu humo.

Kaka alikaa kwenye kiti cha cherehani. Maelezo yalimtoka vipande vipande. Kwenye mfumo wake, programu hukaa chumba chake na kazi ya mtu chumba kingine, na mfumo wenyewe ndio unaosimamia hivyo. Kwenye mfumo wa shangazi alikuwa huru kuamua, naye siku ya kwanza kabisa akaviweka pamoja, programu na vipimo, ili shangazi asihangaike kutafuta. Wema wake huo akausahau. Toleo la tatu, kabla ya kuingia, hukifagia chumba cha toleo lililotangulia. Limefagia kila kilichokuwamo.

"Lakini tulijaribu," alisema. "Mara tisa."

"Kwenye mashine tupu, kaka. Nyumba isiyo na mtu utamfagia nani?"

Alisema hivyo binti, ingawa lawama ilimgusa na yeye. Vyema zile zilikuwa za mkono wake. Mara tisa alikiona chumba kimefagiwa, na mara tisa akausifu usafi.

Shangazi aliuliza kama vitarudi. Kaka akasema huenda.

"Huenda," shangazi alirudia. "Makaratasi yangu niliyawashia jiko, baba. Uliniambia kompyuta haisahau."

Hapo binti akauliza ni watu wangapi wameshalichukua toleo hilo. Kaka alitazama kwenye simu, akahesabu. Thelathini na saba. Kumi na tisa kati yao wana mfumo kama wa shangazi. Akaanza kujitetea kwamba apewe saa moja tu, atalitengeneza kimyakimya, na hata hivyo ukurasa wa kwanza umesema wazi kuwa programu ni ya bure na haina dhamana.

"Saa moja ni watu wangapi?" binti aliuliza.

Kaka aliinua macho. Shangazi alikuwa anamtazama juu ya miwani. Kaka akaliondoa toleo mtandaoni, kisha akaandika tangazo kwa maneno aliyotajiwa na mdogo wake: *Usiweke toleo la tatu. Linafuta kazi zako. Kama umeshaweka, zima kompyuta sasa hivi na usiguse kitu.*

Wakaifungua kompyuta, wakatoa diski, kaka akaiunganisha na mashine yake, akaanza kuvitafuta vilivyofutwa. Ilipofika alasiri majina ya wateja na vipimo vyao yalianza kurudi moja moja, na shangazi akayasoma kwa sauti kama mwalimu anayeita mahudhurio: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Theluthi mbili zilirudi. Zilizobaki zilikwenda na maji.

Ndipo simu ikalia mlio mfupi. Mtu wasiyemjua ameandika chini ya tangazo, na namba yake ameiweka.

*Mimi ni fundi, nina wasichana wanne ninaowafundisha kazi. Niliweka asubuhi, vipimo sivioni. Nimeondoa na kuweka upya mara sita. Nibonyeze wapi?*

Mara sita. Kaka alishika kichwa kwa mikono miwili. Kila alipoweka upya, fundi yule alikuwa anavikalia vipimo vyake mwenyewe, na hakuna diski duniani ambayo ingemrudishia vyote. Shangazi aliacha kusoma majina.

Kaka alimsukumia mdogo wake simu. "Mjibu wewe. Wewe una maneno."

"Vyema nilitia mimi, na hilo nitamwambia," binti alisema. "Lakini kifurushi ulifunga wewe. Anza."

Kaka aliandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwisho akaacha kuandika, akapiga. Simu iliita mara mbili, sauti ya mwanamke ikaitika haloo, na nyuma yake zikasikika cherehani zikikimbia.