Wino wa Sukari

Mwaka 1982, Mwalimu Tluway wa kijiji cha Daa aliamka saa kumi na moja alfajiri kila siku isipokuwa Jumapili, akanawa uso, akawasha jiko na kuketi kwenye meza iliyotazama ukuta. Dirisha alilipa mgongo makusudi, maana aliamini kuwa mwandishi anayetazama barabara huishia kuandika habari za wapita njia. Aliandika kurasa mbili, hazikuzidi, kwa kalamu ya kuchovya na wino wa unga aliouchanganya mwenyewe. Riwaya hii ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa chini ya kitanda, na mkewe Hyasinta alizisifu kwa kuzuia unyevu.

Saa kumi na mbili Nanyori, jirani yao Mmaasai, alileta maziwa. Nanyori alizaliwa kreta, shimo la volkano lililofanywa hifadhi ya wanyama, chini kabisa bondeni, akahamishwa pamoja na wenzake miaka minane nyuma, malori ya serikali yalipokuja na orodha ya majina. Mama yake, Seenoi, hakuwamo kwenye orodha kwa kuwa alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Basi wakamwacha. Nanyori hakuwahi kuyasamehe malori yale.

Riwaya ilipofikia habari za kule bondeni, Mwalimu alimwuliza Nanyori boma lao lilikuwaje. Akaeleza lango lilitazama upande gani, na zizi la ndama lilikuwa wapi. Asubuhi Mwalimu alipoyaandika hayo, mlango wa stoo ulifungukia kreta. Hyasinta, aliyekuwa amekwenda kuchota unga, alirudi na umande miguuni.

"Kuna mama wa Kimaasai anakamua ng'ombe mle ndani," alisema. "Na debe la unga silioni."

Nanyori aliweka kibuyu chini, akaingia.

Siku chache baadaye walikuwa wamekwisha kuelewa kwamba mlango ulikaa hivyo mpaka wino ukauke. Mwalimu akaiweka kando karatasi ya kukaushia, aliyoitumia tangu chuo cha ualimu. Kisha akaanza kutia sukari kwenye wino ili uchelewe. Sukari wakati ule ilikuwa ya mgawo, kilo moja kwa kaya, tena mwezi ambao ilikuja.

"Baba Piusi," alisema Hyasinta, "sukari ya mgawo unalinywesha daftari?"

"Vijiko viwili vinampa nusu saa."

Hyasinta alirudi kukoroga jungu lake. Kesho yake naye alikunywa chai bila sukari, akasema hata hivyo daktari alikwisha kumkataza. Hakuna daktari aliyewahi kumkataza kitu. Sisimizi waliingia daftarini wakatembea juu ya mistari, na Mwalimu alijifunza kuwapuliza bila kuchafua maneno.

Kila asubuhi ikawa hivyo. Mwalimu akimaliza kurasa mbili, Nanyori aliingia stoo na ugoro wa mama yake kwenye kikopo. Mwalimu alibaki mezani akiutazama wino kama mtu anayechunga maziwa yasifurike jikoni, na mng'ao wa mstari wa kwanza ulipoanza kufifia, alikohoa. Nanyori alitoka akinuka moshi na ng'ombe. Alikuwa na furaha, na Mwalimu, ambaye hakuna mhariri aliyewahi kumjibu barua, alikuwa na furaha kuliko yeye.

Jambo moja tu lilimlemea Nanyori. Seenoi alimwuliza kila siku, "Mnarudi lini? Majani yameota." Naye alijibu, "Hivi karibuni, yeyo," yaani mama. Alijaribu kumshawishi atoke naye. Seenoi alisema, "Ng'ombe nimwachie nani?"

Februari sukari haikuja kabisa, na jua lilikuwa kali. Mwalimu alikohoa mara tatu. Nanyori hakusikia, na wino ukakauka yeye akiwa ndani. Mlango wa kurudi stoo haukuwapo tena. Alipanda ukuta wa kreta kwa miguu, akafika kwenye geti la hifadhi jioni, mlinzi akaandika jina lake. Kesho yake adhuhuri alirudi Daa kwa lori la kahawa la Oldeani, na Hyasinta akampakulia ugali.

Wiki haikuisha, ofisa wa hifadhi akaja asubuhi na daftari kwapani.

"Mwalimu, shikamoo. Huyu mama kitabu cha getini kinaonyesha ametoka. Hakuna siku aliyoingia."

Mwalimu alimpeleka stoo, kwa kuwa wino ulikuwa mbichi bado. Ofisa alichungulia, akarudi akipangusa umande kwenye viatu.

"Yule bibi anaishi pale?"

"Alishakufa," alisema Nanyori.

"Pole, mama. Lakini kukaa pale hairuhusiwi. Ningemwondoa, ila hayumo kwenye orodha."

Hakuwa mtu mbaya. Alikunywa chai isiyo na sukari bila kukunja uso. Kisha akachukua chupa ya wino, akaacha peni mpya kumi na mbili, zile ambazo wino wake hukauka kabla mkono haujahama, na Mwalimu akasaini kwamba amezipokea.

Tangu hapo Mwalimu huandika kurasa mbili kwa peni, upesi na kwa usafi, na stoo huwa na unga. Akimaliza, Hyasinta humletea kijiko cha masizi ya sufuria aliyoyakoroga kwa maji na sukari. Ni kijiko kimoja tu, cha kutosha neno moja. Mwalimu huchovya kalamu ya zamani, huikandamiza sana, na kuandika: Seenoi.

Nanyori huwa amekwisha kusimama mlangoni. Huingia hatua mbili na kuinamisha kichwa kama alivyofanya utotoni, na mama yake humwekea kiganja utosini. Kiganja kina joto. Kisha Seenoi hufungua kinywa amwulize wanarudi lini, na hapo wino hukauka.

Nanyori hufunga mlango wa stoo, hunywa chai, na kuchukua kibuyu chake kitupu.