Dau Moja la Kuona

Mkono Mwepesi alivuta kiti, akakaa. Basi. Alilofanya ni hilo tu, lakini wanaume wanne waliokuwa wameizunguka meza ya juu walimkodolea macho utadhani amepanda mezani na viatu.

Walizoea kumwona amesimama. Miaka yote hiyo kazi yake pale klabuni ilikuwa kuwagawia karata, na kugawa ndiko kulikompa jina, maana karata zilimtoka mkononi bila kelele, kila moja ikatua mbele ya mwenyewe. Walioshinda walimrushia chipsi moja, zile za plastiki, si za kula, wakamwambia akanywe soda. Na aliyependa kuliko wote kumwambia akanywe soda alikuwa mtalaka wake.

Ndiyo, mtalaka wake! Mwanamume mwenyewe alijiita Bingwa, na watu wakamwitikia. Haya, bingwa. Bingwa kafundishwa na nani? Kafundishwa na huyuhuyu mkewe, jikoni, pacha wao wakiwa shuleni, juu ya meza ya kukatia vitunguu. Mke alimpangia karata, akamweleza taratibu kwa nini karata nzuri mwanzoni zinaweza kuwa takataka mwishoni. Mume akajifunza, akatoka na ujuzi huo mlangoni, na klabu nzima ikaambiwa kwamba ana kipaji cha kuzaliwa. Thubutu!

Kiti chenyewe hakupewa bure. Aliyempa ni Mama Klabu, mwenye nyumba ile na meza zake zote, mwanamke asiyejua kuzungusha maneno. Mkono Mwepesi alimwendea na bahasha ya akiba yake, yaani soda zote ambazo hakuzinywa, akasema anataka kucheza meza ya juu.

"Jumamosi moja," Mama Klabu alimjibu. "Nitagawa mimi mwenyewe. Ikifika saa ya kufunga una chochote mbele yako, hata kama ni kidogo vipi, kiti ni chako siku zote. Ukiishiwa kabla ya hapo, unainuka, unarudi kugawa, na hilo neno sitaki kulisikia tena. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Na wale hawatakuhurumia, dada yangu."

"Kwani nani kakwambia nataka huruma?"

Sasa, poka ya meza ile ilikuwa ya kikomo, na wengi wasioijua huidharau. Kila mchezaji ana karata zake mbili za siri. Katikati zinafunuliwa tano za wote: tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha moja ya mwisho. Kila zinapofunuliwa, watu wanaweka dau. Lakini dau lina kiasi chake. Mwanzoni ni dogo, mwishoni ni kubwa mara mbili, na likishapandishwa mara tatu basi, hakuna anayeruhusiwa kupandisha tena. Huwezi kusukuma mali yako yote katikati ili mwenzako aanze kutetemeka. Madau ya meza ya juu yalikuwa ya kumtoa mtu jasho, ndiyo, lakini mwenye maghala na mwenye kibanda walitajiana bei moja. Bingwa aliuchukia utaratibu huo kuliko ugonjwa. Kila wiki alisema kikomo ni cha waoga. Mkono Mwepesi aliupenda kwa sababu hiyohiyo.

Basi wakaanza, jua la mchana likiingia dirishani na feni ikilalamika darini. Kushoto kwake alikaa Bingwa. Kulia kwake alikaa Mkandarasi, mdogo wake Bingwa, ambaye mpaka leo humwita shemeji. Mbele yao walikaa mfamasia na mwenye gereji, watu wazima wenye heshima zao, ambao kwa miaka wamekuwa wakipoteza kimyakimya na kuamini kwamba wanashindwa na bingwa.

"Shemeji," Mkandarasi alisema akicheka, "huku siyo kugawa. Huku kunauma."

"Niache niumie mwenyewe, shemeji."

Na kweli walimuuma. Ndugu hawa wawili walikuwa na mtindo wao, na Mkono Mwepesi aliujua tangu akiwa amesimama. Mgeni akiingia kati yao wanamkamua. Mmoja anaweka dau, mgeni anafuata, wa pili anapandisha, wa kwanza anapandisha tena, na mgeni analipa huku na kule mpaka achoke atupe karata zake. Akishatoka tu, wale wawili wanakuwa wapole kama maharusi, hapandishi huyu wala yule. Hawakuhitaji hata kukonyezana. Damu moja hiyo.

Hakulalamika. Angelalamika kwa nani? Alitupa karata mbovu bila kuzionea huruma, na alipopata nzuri aliingia nao kwenye huo mpandisho wao, akapandisha yeye mwenyewe mpaka mwisho wa ruhusa. Mara ya kwanza alipofanya hivyo, akafunua wafalme wawili, Mkandarasi aliacha kucheka. Akatafuta maji ya kunywa, na glasi ilikuwa mbele yake.

"Leo umeamkaje, shemeji?"

"Nimeamka salama. Karata, Mama Klabu."

Lakini karata hazina shukrani, jamani. Kuanzia alasiri zilimgeuka. Alikuwa na tatu za aina moja, mfamasia akabahatisha rangi, yaani karata tano za alama moja, kwenye karata ya mwisho kabisa, akamfagilia fungu zima, tena akaomba radhi. Halafu zikaja takataka mfululizo. Chipsi zake zikapungua polepole, huku madau ya lazima yakizitafuna kila zamu yake ilipofika. Alitaka kile kiti. Alikitaka vibaya sana, na hakuona haya kukitaka, ila alijilazimisha kutoangalia saa ya ukutani.

Aliyeiangalia ni Mama Klabu. "Hii ni duru ya mwisho," akasema. "Baada ya hii nafunga."

Mkono Mwepesi aliinua ncha za karata zake mbili. Moja kumi, nyingine tisa. Si mbaya, si za kushangilia. Dau la lazima lilikuwa lake tayari. Bingwa akapandisha, mfamasia na mwenye gereji wakatupa, Mkandarasi akafuata, na yeye akaongeza kilichopungua.

Mama Klabu akafunua tatu za katikati: tisa ya kopa, nne ya kopa, mbili ya shupaza. Jozi ya tisa, basi, na katika zote zilizokuwa wazi hakuna iliyoizidi. Bingwa akaweka dau. Mkandarasi akapandisha. Yeye akafuata. Bingwa akapandisha tena, Mkandarasi akapandisha mara ya mwisho inayoruhusiwa, na yeye akalipa zote, moja baada ya nyingine. Walikuwa wakimkamua kwa mara ya mwisho na hata hawakujificha. Karata ya nne ikawa malkia. Bingwa akaweka dau kubwa, na Mkandarasi, yule yule aliyekuwa akipandisha kwa vishindo sasa hivi, akatupa karata zake bila kufikiri. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Mkono Mwepesi akalipa.

Karata ya tano ikawa mfalme.

Ah! Mfalme na malkia, zote ziko juu ya tisa yake. Bingwa hakuchelewa hata nukta. Akaweka dau, akaegemea kiti, akakunja mikono kifuani. Mkono Mwepesi akatazama alichobakiwa nacho. Dau moja. Kamili, haizidi hata chipsi moja.

Hapo ndipo Bingwa akafanya sauti yake ile ya upole. "Mama Pacha," akasema, "tupa karata. Huoni? Una dau moja mbele yako, na klabu inafungwa. Ukitupa, kiti unacho. Mwenyewe Mama Klabu alisema chochote. Mimi nakuachia. Sitaki watu waseme nilimnyang'anya mama wa watoto wangu."

"Kweli kabisa, shemeji," Mkandarasi akadakia. "Usijitie kitanzi."

Hata mfamasia aliitikia kwa kichwa. Na walikuwa sahihi, tusidanganyane. Akitupa karata, kiti ni chake. Akilipa na jozi yake ikashindwa, anainuka pale pale, na Jumamosi ijayo anasimama tena na kisanduku cha karata, huku huyu akimwambia akanywe soda mpaka uzee wake.

Mkono Mwepesi aliisikiliza ile sauti. Aliijua. Ni sauti iliyokuwa ikirudi nyumbani na kusema kulikuwa na kazi nyingi. Ni sauti iliyosema pesa za ada zimekwama benki. Miaka yote ya ndoa aliitazama midomo ile na macho yale, akanusa mashati, akauliza majirani kwa kuzungukazunguka, akajikondesha kwa kutaka kujua jambo moja tu: huyu mtu anasema kweli au ananidanganya? Na kila alipofika ukingoni, penye kusema haya nionyeshe, alirudi nyuma. Alinyamaza, akaosha vyombo. Bingwa alilijua hilo. Ndilo alilokuwa akilichezea sasa. Hakuwa akisoma karata hata kidogo, alikuwa akimsoma mke wake wa zamani.

Hasira ikampanda, na alifurahi ilivyopanda. Lakini hakulipa kwa hasira. Kwanza alihesabu, maana kuhesabu ndiko alikomfundisha mjinga huyu, na mjinga alikuwa amesahau.

"Katikati pale kuna madau makubwa kumi na mawili," akasema. "Kweli si kweli, Mama Klabu?"

Mama Klabu alitupia fungu jicho. "Kweli."

"Na mimi naulizwa moja." Akamgeukia Bingwa. "Sikiliza, Baba Pacha. Hata kama kwenye hali kama hii unasema kweli mara kumi na kudanganya mara moja, bado nina faida nikilipa kukuona karata zako. Nimehangaika na uso wako nusu ya umri wangu. Leo sina haja nao. Kama wewe ni mkweli au mwongo, shauri yako. Mimi nilitaka kujua bei tu, na bei yenyewe ninayo."

"Utakosa kiti," Bingwa alisema. Sauti ya upole ilikuwa imemkauka.

"Kiti cha kuachiwa na wewe nilishakikalia nyumbani kwako. Sikitaki tena."

Akazisukuma chipsi zote katikati.

Bingwa alizitazama karata zake kana kwamba zimebadilishwa na mtu, kisha akacheka kicheko kifupi, akazitelezesha kifudifudi kuelekea kwa Mama Klabu. "Haya, chukua. Bahati yako tangu zamani."

Pale mezani ilikuwa ni ustaarabu wao: mtu mzima akikubali ameshindwa, haombwi kufunua. Anazisukuma, mwenzake anachukua fungu, yanaisha. Kitabu cha sheria za klabu kinasema aliyelipiwa dau lake lazima aonyeshe, lakini nani amfunulishe Bingwa? Mkono wa Mama Klabu ulikuwa umeshaanza kuzizoa zile karata.

"Ziache," Mkono Mwepesi alisema.

"Fungu si umepata?" Bingwa akafoka.

"Fungu nimepata. Ila sikulipia fungu peke yake, nimelipia kuona. Funua."

"Mama Pacha, usinivunjie heshima mbele za watu."

"Funua."

Mama Klabu aliondoa mkono wake juu ya karata, akaupumzisha mapajani. "Sheria ni hiyo," akasema. "Funua, Bingwa."

Akafunua. Ree ya kopa. Saba ya kopa. Alikuwa akingoja kopa nyingine na haikuja, hakuwa na jozi, hakuwa na kitu chochote kile isipokuwa mdomo wake. Mkono Mwepesi akalaza kumi yake na tisa yake mezani.

"Loo," mfamasia akasema. Akazitazama zile karata mbili muda mrefu, kisha akamtazama Bingwa. "Na ile ya wiki iliyopita? Niliyokutupia jozi ya wafalme?"

Bingwa akazifunika karata zake kwa kiganja. Mwenye gereji naye alikuwa ameinamisha kichwa, na ungeona wazi kwamba yuko mbali, anafukua duru za zamani moja baada ya nyingine. Mkandarasi alikuwa akikwangua kitambaa cha meza kwa ukucha.

Bingwa akasimama, kiti kikapiga ukuta. "Mama Klabu, chagua. Mimi au yeye. Mimi sikai meza moja na huyu."

Mama Klabu alifungua mdomo, lakini Mkono Mwepesi alimwahi.

"Unamwuliza yeye ya nini? Niulize mimi. Mimi siondoki." Hakupandisha sauti. "Wewe fanya utakavyo. Kaa, ondoka, nenda ukacheze na watu wasiokujua. Lakini ukirudi hapa Jumamosi ukaniwekea dau na hesabu ikaniruhusu, nitalipa. Ukiweka tena, nitalipa tena. Na kila nitakapolipa, baba, utafunua."

Bingwa alisimama pale, akitafuta uso mmoja mezani wa kumuunga mkono, hata wa mdogo wake, akaukosa. Akachukua funguo zake.

Mkono Mwepesi hakugeuka kumwona akitoka. Alivuta fungu lake kwa mikono miwili, akaanza kuzipanga chipsi kwa rangi, bila haraka, ameketi.